Uliza mwezi kabla ya kulipia chumba: yaliyotukuta Paje, na watu wa pwani naomba mtufundishe

Mkulima_wa_Zabibu (Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, kwa sababu kuna watu wengi wa bara kama mimi wanaojipanga kwenda Zanzibar na hawajui nilichokuwa sikijui.

Juni mwaka jana shule zilipofungwa, mimi na mke wangu tuliamua watoto waione bahari. Tulidunduliza miezi kumi na moja. Tukachagua hoteli ya hadhi upande wa mashariki wa Unguja, pale Paje, chumba kinachotazama maji, shilingi 420,000 kwa usiku bei ya wakazi. Tulikuwa watano: sisi wawili, binti wa miaka 11, kijana wa miaka 7, na shemeji yangu wa miaka 19.

Tulifika jioni, siku moja baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya ngazi za hoteli, na watoto walilala wakizungumzia kuogelea. Asubuhi tunafungua pazia, bahari haipo. Mchanga, majani, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Mke wangu aliniuliza kama tumepewa chumba cha upande mwingine.

Mapokezi wakatuambia hayo ndiyo maji kupwa, twende tukatembee mpaka mwambani, wageni wote huenda. Hatukuambiwa saa ya kurudi. Tukaondoka kama saa nne na nusu. Nakiri palikuwa pazuri sana. Watoto waliona viti vya pweza vyekundu (wale wanyama wenye umbo la nyota), kaa, samaki wadogo kwenye vidimbwi, na wanawake wanaolima mwani, yale majani ya baharini, wameinama kwenye kamba zao. Tulifika karibu na pale mawimbi yanapopasukia, tukapiga picha, tukakaa. Maji ya vidimbwini yalianza kusogea taratibu, nami nikaona ni jambo la kupendeza.

Ilikuwa inakaribia saa saba tuliposikia mama mmoja wa mwani anatupigia kelele na kutupungia kanga. Niwaambie ukweli: nilidhani anatufukuza kwenye shamba lake. Nikamwita mke wangu tukapita mbali naye. Kumbe alikuwa anaonesha nyuma yetu. Nilipogeuka kuangalia hoteli, kati yetu na ufukwe palikuwa pameshakuwa mto. Maji hayakuja kutoka mbele tulikokuwa tunatazama. Yalikuwa yamezunguka na kujaza kwanza bonde lililo karibu na ufukwe, sisi tuko kwenye kilima cha mchanga katikati.

Mama yule alitufuata. Akasema, "Mpandisheni begani huyo mdogo, mnifuate mie, na msikanyage peusi." Alitupitisha njia ya kuzunguka anayoijua yeye. Mahali pa kina zaidi maji yalinifika kifuani, kijana wangu yuko mabegani kwangu, binti ameshikwa na mjomba wake. Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa linavuma na vimawimbi vinampiga binti usoni. Alikanyaga peusi. Tulipofika nchi kavu alikuwa na miiba saba kwenye unyayo, ya wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama sindano.

Yule mama hakusubiri hata asante, alirudi kwenye magunia yake.

Hotelini nilimwona msimamizi. Nikamuuliza mbona hakuna kibao, hakuna bendera, hakuna mtu wa kuangalia watu majini. Akanijibu kwamba bahari ndivyo ilivyo. Siku tatu zilizobaki watoto waliogelea bwawani. Binti mpaka leo akisikia neno bahari ananyamaza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Swali langu: mtu wa Singida, wa Mbeya, wa Mwanza, atajuaje siku na saa za kwenda? Nataka kuwarudisha watoto.

---

Nahodha_Mstaafu (Bwejuu)

Pole sana bwana, na umpe pole bibi na watoto. Mie mzaliwa wa huku huku, bahari nimeifanyia kazi tangu nina meno ya utoto. Nitakueleza kama ninavyowaeleza wajukuu zangu.

Bahari haiendi kwa kalenda ya hoteli, inakwenda kwa mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake huku kwetu hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana, na mkondo wake mdogo. Wewe ulifika bamvua lenyewe.

Sasa saa zake. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa sita asubuhi na kujaa saa kumi, saa kumi na moja alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi saa nne, saa tano yamejaa, alasiri ndiyo yanakupwa. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo ukijua mwezi ngapi leo, yaani ni siku ya ngapi tangu uandame, unajua maji yako wapi bila ya kumuuliza mtu.

La pili ndilo lililokukuta. Maji yakianza kujaa hayaji kwa kasi moja. Saa ya kwanza yanaingia kidogo, unadharau. Ya pili yanazidi. Saa ya tatu na ya nne, saa mbili hizo peke yake, inaingia nusu ya maji yote. Wewe siku ile maji yaligeuka kama saa tano na robo. Kufika saa saba ulikuwa unakaribia saa ya tatu. Yule mama alikuona unakokwenda. Angekaa kimya nusu saa, msingevuka kwa miguu.

Mwenda mwambani anageuka kabla maji hayajageuka. Ukishayaona yanasogea, umechelewa.

---

Binti_wa_Jambiani

Nimesoma mpaka mwisho na nimefurahi mama yule alikuwepo. Mamangu analima mwani, na bibi yangu alikuwa katika wale wa mwanzo kilimo hiki kilipoanza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989. Nataka mjue kwa nini wako kule siku hizo hizo za bamvua: ndizo siku pekee ambazo maji yanatoka vya kutosha kufunga na kuvuna. Saa zao za kazi ni zile zile ambazo hoteli zinawaambia wageni wakatembee.

Kwa hiyo ukiwaona wamebeba magunia wanaelekea juu, usiwaangalie kama mandhari. Ondoka nao. Hakuna saa iliyo sahihi kuliko hiyo.

Jengine, vile vijiti vya mwani havionekani maji yakijaa. Watu wanakuja kurusha vishada vyao vya kuteleza majini, wengine wanaogelea juu yake, wanachanika miguu na kamba zinakatika. Mwani wenyewe siku hizi una tabu, maji ya kina kidogo yanapata moto na ule wa bei nzuri unakufa. Kamba moja ikikatwa ni wiki sita za mtu zimekwenda. Tafadhalini ulizeni pa kupita.

---

Mdau_wa_Sinza (Dar es Salaam)

Pole mkuu, lakini nina maoni tofauti kidogo. Kosa ni kuchagua mashariki. Nenda Kendwa au Nungwi, kaskazini, maji hayatoki kwenda mbali, unaogelea saa yoyote. Na mtu mzima ukiona maji yanasogea unatoka, hata mtoni ni hivyo hivyo. Hoteli haiwezi kukushika mkono.

---

Mkulima_wa_Zabibu (Dodoma)

Mkuu, nakubali kwamba mimi ni baba na watoto ni wangu. Ila mto ninaoujua mimi unakuja na kelele na rangi ya udongo. Haya maji yalikuja meupe, yametulia, yanapendeza. Mtu hawezi kukimbia asichokijua. Kibao kimoja chenye saa mbili, ya kutoka na ya kurudi, kingetosha kabisa.

---

Mapokezi_Zamu_ya_Usiku (Unguja)

Nafanya kazi hotelini, si huko alikokaa mleta uzi. Niseme kwa haki. Zipo hoteli zinazoandika saa za maji kila siku ubaoni, jina la siku, maji kujaa, maji kupwa. Sisi kwetu tunaandika kwa chaki kila asubuhi na ni kazi ya dakika mbili. Zipo pia ambazo wenyewe hawataki neno "hatari" lionekane karibu na mapokezi, wanaona litawatisha wageni. Sisi wafanyakazi wengine ni watu wa bara, tumekuja kutafuta riziki, bahari hatukuikulia. Kijana anayekwambia "nendeni tu" huenda yeye mwenyewe hajawahi kufika mwambani.

Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza maswali haya: maji yanatoka umbali gani, mlango wa mwamba uko upande gani, na je kuna mtu anayeangalia waogeleaji? Ukijibiwa kwa kusitasita, umeshapata jibu. Na msidanganywe na bei ya Aprili na Mei. Ni nusu kwa sababu ni masika, mvua za mfululizo, na hoteli nyingine hufunga kabisa.

---

Nahodha_Mstaafu (Bwejuu)

Huyo wa zamu ya usiku amegusa mlango wa mwamba, na mie nilikuwa nakuja huko.

Mwamba wetu si ukuta mzima. Una milango, ndiko vyombo vinakotokea. Mawimbi yakipasuka juu ya mwamba yanamwaga maji ndani. Maji hayo lazima yatoke, na njia yake ni mlangoni. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni, Julai, Agosti, yanamwagika mengi zaidi, na yakianza kukupwa wakati wa bamvua, mlango unakuwa mto unaokwenda nje. Juu panaonekana pametulia, hapana povu, na mgeni anaona ndipo pazuri pa kuogelea. Ndipo pabaya.

Ukichukuliwa, mkondo haukuvuti chini. Unakupeleka nje tu. Wanaokufa wengi ni waliopigana nao mpaka wakachoka. Lala chali, uelee, nyosha mkono juu, ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye kasi yake. Ngalawa zipo, mtu atakuona. Usishindane.

Kuhusu Nungwi na Kendwa, bwana wa Sinza kasema kweli, maji hayatoki mbali. Lakini pale kuna boti nyingi zinapita karibu na waogeleaji, na rasini Nungwi mkondo una nguvu. Hakuna upande wa kisiwa usio na adabu yake. Kaskazi likija, Disemba mpaka Februari, mawimbi yanahamia kwao, na sisi huku tunapumua kidogo. Bahari nzuri kuliko zote ni tanga mbili, upepo wa kusi umekwisha na kaskazi halijashika, Oktoba mpaka Novemba kabla ya vuli kukolea, halafu tena mwezi wa Machi.

---

Mswahili_wa_Likoni (Mombasa)

Huku kwetu Diani ni mambo yaleyale, ndugu zangu. Hoteli za nyota tano zimepangana, mchanga mweupe kama unga, na wageni kutoka Nairobi wanashuka treni kisha wanavuka feri wakikimbilia majini kabla hawajala. Mwamba uko mbele, ndani ni salama mara nyingi, lakini milangoni ni kama alivyosema Nahodha.

Mimi nitaongeza pahali pamoja: mdomo wa mto Mwachema, kule mwisho wa Diani karibu na Msikiti wa Kongo. Ni pahali pa picha, watoto hupenda kwa kuwa maji ni ya vuguvugu na hayana mawimbi. Maji yakikupwa, mto na bahari vinatoka pamoja. Nimesaidia kumtoa mtu hapo, na alikuwa muogeleaji mzuri wa bwawani. Bwawa haliendi popote. Hapo panakwenda.

---

Nesi_wa_Zamu (Tanga)

Kwa yule binti na miiba yake. Watu wengi hukimbilia kuponda miiba kwa jiwe au kuchokonoa na pini, msifanye hivyo. Mguu uloweke kwenye maji ya moto kadiri mtu mwingine asiye na maumivu anavyoweza kuyavumilia, dakika 30 mpaka saa moja na nusu, maumivu hupungua. Inayoonekana itolewe kwa kibano taratibu. Ukibaki mwiba karibu na kiungo, au mguu ukivimba na kupata moto, nenda hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Maji ya moto hayo hayo hufaa kwa aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na kwa yule samaki anayefanana na jiwe, ila huyo wa jiwe ni hospitali moja kwa moja. Yavuyavu, wale wanyama laini wanaoelea wenye nyuzi, wakikuunguza, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi zake kwa kibano, usisugue na mchanga, usitumie maji baridi ya bomba, na ile habari ya mkojo iacheni.

Kubwa zaidi ni viatu. Yeboyebo za plastiki za sokoni zinatosha. Tena usinyanyue mguu ukitembea mchangani chini ya maji, uburute, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.

---

Mzanzibari_wa_Masqat

Nawasoma kutoka Oman. Upepo huo mnaouita kusi haufi hapo kwenu, unakuja mpaka huku. Mkoa wa Dhofar, Salalah, kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba tunauita msimu wa kharifu. Milima inakuwa kijani, kuna ukungu na manyunyu, watu wa Ghuba wote wanakimbilia huko na hoteli za ufukweni zinajaa. Na bahari yake miezi hiyo haiogeleki. Pale Mughsail wimbi linapanda juu ya majabali. Julai 2022 liliwakumba watu waliovuka uzio na kuwatia baharini.

Ninalotaka kusema ni kwamba uzio ulikuwepo. Kwa hiyo kibao ni lazima, namuunga mkono mleta uzi, lakini na anayekiona akiheshimu.

---

Mdau_wa_Sinza (Dar es Salaam)

Nimerudi kusoma upya na naondoa maneno yangu ya kusema ni kosa la mtu mzima. Mimi nimekulia Dar, Coco Beach naijua, na sikuwahi kuambiwa habari ya saa ya tatu na ya nne. Tunasikia tu Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tunadhani ni habari ya meli. Kumbe siku hiyo hiyo mtoto wangu yuko majini. Mwaka 2024 mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kilipokuja, ndipo boti ziliposimama na sisi tukashtuka.

Nahodha, ubarikiwe. Naomba msimamizi aubandike uzi huu juu.

---

Mkulima_wa_Zabibu (Dodoma)

Wakuu, nimerudi, na safari hii nina habari nyingine.

Nilifuata maneno ya Nahodha. Nilichukua kalenda yenye miezi ya Kiislamu, nikatafuta siku za nusu mwezi, nikapata mwanzoni mwa Februari. Ndipo nikapiga simu hotelini, nyingine si ile, nikauliza maswali ya ndugu wa zamu ya usiku. Dada aliyepokea alinitajia saa za maji kujaa kwa siku zote nne bila kwenda kumuuliza mtu. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya kwanza. Niliomba ruhusa shuleni ya siku mbili, walimu wanisamehe.

Tulifika maji yamejaa, tukaamka yamejaa. Kaskazi lilikuwa linavuma lakini si kwa ukali, na vishada vya wageni vilikuwa mbali upande mwingine. Watoto wote na yeboyebo zao. Kijana aliingia majini saa tatu na nusu asubuhi, na mpaka saa sita nilikuwa namwita atoke anakataa.

Binti alikaa mchangani siku ya kwanza yote. Sikumlazimisha.

Siku ya pili tulikwenda kumtafuta yule mama. Nilikuwa nimebeba zabibu za Dodoma, ndiyo kwanza zimeanza kuvunwa, boksi moja nilisafiri nalo mapajani kwenye boti ili zisibonyee. Tuliuliza nyumba hadi nyumba tukielezea kanga na ile siku, na mtu wa tatu akatupeleka. Alikuwa barazani anaanika mwani. Alinitambua kabla sijasema kitu. Alimwita binti yangu, akakaa naye kwenye mkeka, akamwomba auoneshe unyayo, akaupapasa kwa kidole pale palipokuwa na makovu madogo.

Akamuuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Binti alikuwa ameisoma ile kalenda kuliko mimi. Akajibu, "Mwezi tisa."

"Na maji?"

"Mafu. Yanajaa saa tano kasorobo."

Mama akatazama jua, akamrudishia kiatu chake. "Basi nenda kaoge, saa yake hii."

Akaenda.